Lundo Lililoamkiwa Shikamoo

Jumapili, 4 Agosti 1957

Nimepata akili! Imenijia kanisani, katikati ya mahubiri, Mungu anisamehe. Niiandike kabla haijapoa.

Kwanza mambo yalivyo. Heche, mwenye ardhi hii ninayokaa, alikuja jana mchana na kibuyu cha maziwa. Heche haleti maziwa bure. Alisema mwanawe anaoa. Alisema bibi harusi lazima apate mahali pa kujenga. Alisema hii kona yangu ni nzuri, ina kivuli, nami nimeitunza vizuri sana miaka sita hii, asante sana mgeni wetu. Mvua za Oktoba zikianza, atafurahi akiikuta wazi. Mke wangu Philomena aliyapokea maziwa kwa mikono miwili, akaingia ndani, hakutoka tena.

Tutakuwa tumehama mara ya tatu. Mara ya kwanza ni pale walipochora mpaka wa hifadhi ya wanyama, nyumba ya baba ikaangukia upande wa nyumbu. Mara ya pili ni Morotonga, kwa shemeji, hadi shemeji alipokumbuka kwamba hatupendi. Nina miaka hamsini na minane. Ng'ombe sina. Nina mbuzi mmoja, fimbo ya marehemu baba, na kibuyu chenye udongo niliouchota mlangoni pake siku tuliyoondoka. Baba amelala pale pale, mkono wa kulia wa mlango. Siku hizi anakanyagwa na nyumbu.

Sasa akili. Baada ya misa alisimama Method, bwana shamba, kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi hadi inakata. Alitangaza kwamba shamba la bondeni, lililoachwa na watu waliohamia Nyamwaga, limechoka. Jumbe atalitoa kwa yeyote atakayeonyesha mbolea bora kabla ya mvua. Watu wote wakamgeukia Wangwe. Wangwe ana ng'ombe tisini. Samadi yake ni mlima. Kuku hupanda juu kutazama Kenya. Alitabasamu kama mtu aliyekwisha kuvuna.

Lakini Method alisema na neno la pili, ambalo hakuna aliyelisikia ila mimi. Mabaki ya chakula, maganda, majivu na nyasi, yakizikwa vizuri yakaoza, hutoa mboji inayoishinda samadi. Kijiji hiki cha Machochwe, chote kinakula. Machochwe nzima inatupa. Nitakusanya!


Jumanne, 6 Agosti

Nimechimba. Karatasi aliyonipa Method inasema futi sita urefu, futi tatu upana, futi nne kwenda chini. Philomena alisimama akanitazama, akaniuliza ni nani amekufa. Nikamjibu kwamba hii ni sayansi. Akasema sayansi imelazwa kichwa magharibi. Sikuwa nimeangalia. Kweli imelazwa.

Nyasi kavu chini, majivu juu yake. Kisha karatasi inataka udongo kutoka mahali penye rutuba, mahame kwa mfano, uwe kama chachu. Mahame! Nani ana mahame mazuri kuliko yangu? Nikamimina kibuyu cha mlangoni kwa baba. Nusu tu. Nusu nimebakiza, sijui kwa nini.

Halafu inataka mti ulionyooka, usimikwe katikati, wa kupimia joto. Uchomoe, uushike, ukiwa wa moto, mambo yanakwenda. Sikuwa na mti ulionyooka ila fimbo ya baba. Mpini wake umelika upande mmoja tu, kwa sababu baba hakuwa na kidole gumba cha mkono wa kulia. Mtego wa nyati ulikichukua angali kijana. Alikula ugali kwa vidole viwili, akilibonyeza tonge hadi likapata alama kama ukwato wa mbuzi. Sisi watoto tulicheka. Alikufa mwaka mmoja kabla sijaoa, Philomena hakumkuta.

Nimeisimamisha fimbo. Kwa mbali inaonekana kama kuna mtu anataka kuinuka.


Alhamisi, 8 Agosti

Aibu! Nimezunguka nyumba kumi na tisa na kikapu, nikiomba mabaki kwa adabu. Mke wa Heche alitupa maganda mabichi ya ndizi motoni mbele ya macho yangu. Moto ukazimika. Afadhali moto uzimike. Mwingine alimpa mbwa wake makoko ya ugali. Mbwa alikuwa ameshiba. Mwanamke alimshika taya akamlisha kwa nguvu.

Mwishowe bibi Boke alinionea huruma. Huyu ndiye mkongwe kuliko wote hapa. Hakuna aliye hai anayestahili shikamoo yake, hata mama wa jumbe humwamkia yeye. Aliniketisha, akaniuliza kama huko tulikotoka hatukuwa na wazee wa kutufundisha. Mabaki ya mdomo ni mdomo, alisema. Anayekusanya mabaki ya watu kumi ana midomo kumi kikapuni. Mtu wa namna hiyo ana jina lake. Hakulitaja. Akatema mate kando.

Nilijua! Hata mama yangu alikuwa akichoma mabaki yetu. Nilisahau. Miaka minne ya shule ya misheni husahaulisha mengi.

Nimerudi na ganda moja la ndizi. Lilidondoka lenyewe.


Jumamosi, 10 Agosti

Nimelala nikifikiri, nimeamka nimeshinda. Nilimwendea bibi Boke asubuhi nikamwambia siri, maana yake ni kwamba kufikia adhuhuri Machochwe yote ingekuwa nayo.

Nilimwambia hivi. Mwenye kutupa mabaki yake peke yake, nyuma ya nyumba yake, mbaya wake anajua pa kuyaokota. Lakini yakichanganyika na ya watu arobaini, nani atautambua mdomo wa nani? Ndani ya shimo langu hakuna mdomo wa mtu. Kuna mdomo mmoja mkubwa wa wote. Atakayebaki nje ndiye pekee atakayeweza kupatikana.

Bibi Boke alitafuna ulimi kwa muda mrefu. Akasema nina akili mbaya sana. Akaingia ndani, akatoka na mifupa ya kambare.

Alasiri walikuwa kumi na wawili wamepanga mstari.


Jumatano, 14 Agosti

Shimo limejaa, sasa ni lundo. Maganda ya ndizi, pumba za ulezi, ugali ulioungua, machicha ya pombe kutoka kwa Heche mwenyewe. Kila mmoja hurusha akiwa ametazama kando, halafu huondoka bila kugeuka nyuma. Mwanzoni walikuwa wakinisalimu. Sasa wanalisogelea lundo kama watu wanaopita nje ya chumba cha mgonjwa.

Wangwe alikuja kutazama. Aliziba pua. Alisema kwao wanalisha ng'ombe, hajawahi kuona ukoo unaolisha shimo. Nikamwambia kwetu tunalisha wageni kwanza. Akanicheka, akaniita baba wa maganda. Alipogeuka kuondoka nikaona mfupa ukiruka kutoka kiganjani mwake hadi juu ya lundo, upesi, kama umemponyoka. Hata tajiri hataki kubaki nje.


Jumapili, 18 Agosti

Alfajiri lundo lilikuwa linatoa mvuke. Moto hakuna. Mvuke mweupe, unapanda kidogo, unakatika, unapanda tena. Ukiutazama sana unajikuta nawe unapumua kwa kuufuata.

Nikachomoa fimbo. Ya moto! Joto la paji la uso la mtu mwenye homa. Karatasi ya Method inasema joto ni afya. Niliwasomea majirani kwa sauti kubwa, kwa sababu walikwisha kusimama ishirini kwenye ua. Hakuna aliyenisikiliza. Bibi Boke alikuwa anakuja.

Alikuja taratibu hadi kwenye lundo. Akaweka chini mkongojo wake. Akapiga magoti, na magoti yake yanalia kama mlango. Akaliambia lundo, shikamoo.

Akatega sikio. Hata kuku wakatega.

Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa vizuri, akaokota mkongojo, akaenda zake.

Macho yote yakanigeukia. Nikasema ni ndizi zinaoza. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyokusudia.


Jumanne, 27 Agosti

Kuna jambo la fisi. Lundo lina mifupa ya nyumba arobaini. Fisi wa mpakani husikia mfupa mmoja kutoka bonde la tatu. Nyayo zao nimeziona asubuhi. Zimelizunguka lundo lote, hatua kumi kutoka kila upande, duara zuri kama pindo la kanga. Ndani ya duara hamna hata unyayo mmoja.

Na juu ya lundo, tonge la ugali wa ulezi. Bado lina joto. Lina alama ya ukwato wa mbuzi.

Mbuzi wangu, basi. Nimemfunga.

Lakini habari kubwa ni Heche. Alikuja bila maziwa. Alisimama nje ya lile duara, ingawa sikumwonyesha, akaniuliza ni nani yumo ndani. Nilikuwa tayari kusema maganda. Neno lilikuwa mdomoni. Ndipo nikakumbuka sheria ambayo ni moja, kwao na kwetu: mtu hafukuzwi mahali alipolala baba yake.

Niliinamisha kichwa tu. Kuinamisha kichwa si kusema uongo. Hata kondoo huinamisha.

Heche akavua kofia.

Mkono huu shamba la bondeni, mkono huu kona! Mtu mwenye akili hapungukiwi.


Ijumaa, 6 Septemba

Karatasi inasema lundo ligeuzwe baada ya wiki tatu, la chini liende juu, lipate hewa. Nimechelewa. Nilichukua jembe. Kabla sijalinyanyua walikuwa watu kumi na mmoja kwenye ua. Bibi Boke tu ndiye aliyeniuliza, kwa upole, kama huko kwetu huwa tunawafukua baba zetu.

Nikasema nilikuwa naparura majani.

Philomena alisikia yote kutoka jikoni. Akasema, na alikusudia majirani wasisikie lakini walisikia, Mzee Nikodemo, una mbolea moja na kaburi moja katika shimo moja, chagua unadanganya kuhusu lipi. Lisipogeuzwa halitaiva, bondeni hatutapata. Likigeuzwa, kona hatuna. Halafu akauliza swali moja tu, polepole. Jiko lake alijenge wapi Oktoba. Amekwisha kujenga majiko mawili kabla ya hili. La pili wanapikia watu wengine. La kwanza hapikii mtu, limeota nyasi.

Nikaenda kumtazama mbuzi.

Asubuhi kulikuwa na tonge jingine. Alama ile ile. Nimeipima kamba ya mbuzi, haifiki. Nikamuuliza Philomena kama ni yeye. Akaniuliza ulezi ataupata wapi. Tangu Julai tunakula muhogo. Nikamuuliza kama aliwahi kusikia jinsi baba alivyokuwa akila. Akasema sijawahi kumwambia lolote juu ya baba, ila kwamba alinyooka.

Kamba hizi hunyooka pia, zikilowa umande. Itakuwa hivyo.


Jumamosi, 14 Septemba

Leo Machochwe ilikuwa tupu. Wote walikwenda kwa wakwe wa Heche kuhesabu ng'ombe wa mahari. Adhuhuri, jua utosini, hakuna hata mtoto anayelia. Nafasi!

Nisipoweza kuligeuza kutoka juu, nitalijaribu kutoka ubavuni, kama mhanga anavyofukua kichuguu. Nilichimba kijitundu, nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono hadi begani.

Nilitegemea uvundo. Lundo halijageuzwa wiki tano, limejaa mifupa ya samaki na machicha. Hakuna uvundo. Harufu iliyotoka ni ya mvua. Naijua ni mvua ya wapi. Ni ile ya kwetu, inapoangukia udongo mweusi mwezi wa Novemba, nyumbu wakiwa wamepita jana. Nilichota kiganja nikakileta kwenye jua. Cheusi, laini, kinavunjika kama mkate. Ganda halijulikani, mfupa haujulikani. Method alisema kanisani kwamba mboji iliyoiva ni ile ambayo huwezi tena kujua ilikuwa nini. Nilikaa nimeishika. Nikawaza kwamba mimi bado sijaiva.

Nikaingiza mkono mara ya pili, mbali zaidi. Ndani kuna joto la kitandani. Na kitu kikanishika.

Hakikuvuta. Kilinishika tu kiganja, kama mwenye nyumba anavyompokea mtu aliyetoka safari ndefu. Nilihesabu vidole, kwa sababu nikiogopa huwa nahesabu. Vinne.

Nilitoa mkono polepole, kwa adabu. Nikaziba tundu.

Mizizi. Migomba ina mizizi, hata maganda yake, nadhani.


Jumatatu, 23 Septemba

Niandike kwa mpangilio.

Method alikuja saa nne pamoja na jumbe. Watu wote walikuwepo. Walianza kwa Wangwe. Method akapanda mlima, akazamisha jembe. Juu pakavu kama mkeka, chini pabichi, pa kijani, funza wanacheza. Akasema samadi hii ingeunguza miche. Ng'ombe bado hajatoka ndani yake. Watu walicheka. Wangwe alisema samadi ya babu yake ililimiwa hivyo hivyo. Mtu mmoja nyuma akasema ndiyo maana babu yake alihamahama. Niliipenda sana sauti hiyo.

Ushindi ulikuwa wangu! Nilikuwa nimeishika mboji kwa mkono wangu. Nilikuwa najua.

Wakaja kwangu. Method akainua jembe juu ya lundo. Heche akasimama mbele yake. Kisha bibi Boke. Kisha wanawake, mmoja mmoja, wote ambao midomo yao imo humo ndani, wakajipanga kama ukuta wa boma. Method akashangaa. Alisema wazee wangu, hii ni mbolea tu, na mzee Nikodemo mwenyewe ndiye aliyeichimba kwa kufuata karatasi. Jumbe akanigeukia. Akaniambia niseme mbele ya watu kilichomo humu ni nini.

Nilikuwa na neno moja la kusema. Maganda. Ningelisema, jembe lingeingia, weusi ungeonekana, shamba la bondeni lingekuwa langu kabla ya chakula cha mchana. Na Heche na kona yake wangekwenda zao. Hesabu ni rahisi, mtoto angeijua.

Nikafungua mdomo. Fimbo ya baba ilikuwa inanitazama. Nikasema, huyo ni baba.

Sikukusudia! Au nilikusudia. Watu wakashusha pumzi kwa pamoja, na nyuma yao lundo nalo likashusha. Kisha nikaona Wangwe anaanza kutabasamu, na tabasamu lile sijawahi kulivumilia. Nikaongeza haraka, lakini ni mbolea nzuri sana.

Haikupokelewa vizuri. Bibi Boke aliuliza hadhira kama wamesikia, kwamba kwa akina Nikodemo mtu hutumia baba yake kupandia kabichi. Mtu yule wa nyuma, niliyempenda, akasema basi tusile kwake. Method, maskini, alitaka angalau kuipima fimbo. Nikamchomolea. Aliishika, akaiachia upesi. Akasema kwa siku zilizopita, lundo lingepaswa kuwa limeanza kupoa. Akakunja karatasi yake. Hakuuliza lingine, na kwenye njia ya kurudi alitembea mbele ya jumbe, jambo ambalo si adabu.

Shamba la bondeni amepewa Wangwe.

Lakini! Heche alisimama akasema sheria ni sheria. Bibi harusi wa mwanawe amekwisha kutuma habari kwamba haji kuishi mlangoni kwa marehemu wa watu asiowajua. Kona si yake tena. Jumbe akaliweka neno hilo mbele ya mashahidi. Kona ni yangu. Si ya kuazimwa. Yangu! Ilibidi kumchinja mbuzi ili wazee wapate kula, na tulimchinja, na alikuwa mgumu.

Philomena aliketi kizingitini hadi watu wote walipoondoka. Nilidhani analia. Kisha akainuka, akachanganya udongo na maji, akaanza kukandika ukuta wa jiko jipya.


Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua imeshuka jana. Dunia nzima inapanda, isipokuwa mimi.

Wazee wamenifafanulia sheria yote, sehemu ambayo sikuifikiria. Kaburi halilimwi. Wala hatua kumi kuzunguka kaburi. Wamepima kwa kufuata duara la fisi. Duara linachukua kona yote, ukiondoa nyumba, jiko, na choo. Nina ardhi hatimaye, na haliruhusiwi hata harage moja kuingia humo. Mboji bora katika wilaya nzima, na mimi nakula muhogo wa kuomba.

Mabaki bado yanaletwa. Siku hizi wanayaita sadaka. Asubuhi bibi Boke huja kuzungumza na lundo. Jana alicheka hadi akajifuta machozi. Nilimuuliza ni nini. Akasema mzee anasema hapo mwanzo hakujua ameletwa wapi, akasikia mtu anayeongea sana, akajua ni kwa mwanawe.

Wangwe naye alikuja, kwa njia ya nyuma. Miche aliyoiwahisha bondeni kabla ya mvua imegeuka manjano. Aliniita kaka. Aliniomba kikapu kimoja tu cha kile cheusi, hakuna atakayejua. Nilimwambia kwa heshima kubwa kwamba mtu hatoi baba yake kwa kikapu. Ilikuwa siku tamu. Alipokwisha kuondoka nikakumbuka kwamba ningeweza kumwomba mahindi.

Jambo jingine. Ubavuni mwa lundo, pale nilipoziba tundu, umechomoza mmea. Ni mmaboga. Umetambaa kutoka ndani ya duara, ukapita ua, ukafika mlango wa jiko la Philomena, ukasimama hapo. Majani yana mistari myeupe. Mboga ya namna hii nimeiona kwa mama yangu tu. Huku hawanayo, nimewauliza wote. Philomena aliutazama kutwa. Jioni akachuma majani matatu. Alisema hatukulima. Umekuja wenyewe kutuita.

Tamu. Nilikula nikitazama chini.


Jumapili, 13 Oktoba

Nimepata akili! Kanisani tena, katikati ya mahubiri.

Kosa langu nimeliona. Nililiweka lundo katikati ya kona, hivyo duara likala kona. Kumbe ng'ambo ya njia kuna kipande cha Heche, kikubwa mara tatu, chenye udongo mwekundu, hakina kazi. Baba ameniletea kona. Je, mama? Mama naye amelala kule kwa nyumbu, na nusu ya kibuyu cha mlangoni ninayo bado. Safari hii lundo nitaliweka pembeni kabisa, mwisho wa kipande, kinapopakana na Wangwe, duara liangukie kwake. Na mboji nitaigeuza mapema, kabla mama hajaanza kuamkiwa. Haiwezi kuharibika.

Nimechimba leo hii hii, baada ya misa, Heche akiwa kwenye pombe. Futi sita, tatu, nne. Philomena alivuka njia akanitazama. Hakuniuliza ni nani amekufa. Aliniuliza kama nimemwambia mama kwamba anahamishwa.

Nikaenda kula. Nilipita kwa baba nikachomoa fimbo nikaipima, kwa mazoea tu. Ya moto vile vile. Nikarudi shimoni na kibuyu changu.

Shimo bado tupu. Hakuna nyasi, hakuna majivu, sijamwaga hata chembe ya udongo. Lakini ukingoni kulikuwa na matonge mawili ya ugali wa ulezi, yamewekwa karibu karibu, yanatoa mvuke. Moja lina alama ya ukwato. La pili limebonyezwa kwa kidole gumba kidogo, kidole cha mwanamke.

Nikarudi nyumbani mbio kumwambia Philomena kwamba mbuzi huyu amezidi, na kuanzia kesho namfunga kwa mnyororo.

Philomena amenikumbusha kwamba mbuzi tulimchinja mwezi uliopita.

Basi ni mbuzi wa Heche. Kesho nitakwenda kumlalamikia, na hapo hapo nitaulizia kile kipande cha ng'ambo.